Picha Iko, Lakini Si Yeye

Ninyi mnaokaa leo mbele ya vibanda vya Nyamianda hapa Uvira, bisibisi mfukoni na kibao kimeandikwa Réparation ordinateurs, matengenezo ya kompyuta, niwaambie kitu kilichonichosha kuliko vyote katika kazi hii. Si umeme kukatika. Umeme wetu ukikatika hatushangai, tunashangaa ukirudi. Si vumbi, wala panya wanaozaa ndani ya mashini. Ni maneno mawili tu: "Picha iko."

Mnayajua, maana mnayasema kila siku. Mteja analeta laptop ambayo kioo chake kimepasuka, mnamuunganishia skrini ya nje, ekra kama tunavyosema hapa. Inawaka. Maandishi yamevimba, nyuso zimepanuka, na kitufe cha chini anachotakiwa kubonyeza kimezama nje ya skrini, hakionekani. Mnaingia kwenye mipangilio kutafuta saizi sahihi ya picha, ile rezolisyo, na orodha inawapa saizi mbili tatu za kale, basi. Inayotakiwa haimo. Hapo fundi wa kweli anakunja mikono ya shati. Ninyi mnamgeukia mteja mnamwambia: "Picha iko, mama. Shida iko wapi?" Kisha mnamwita anayefuata.

Mimi mnaniita Mama Riziki. Nilianzia kwenye ofisi moja bandarini Kalundu, nikitengeneza kompyuta zilizokaa karibu na magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, mpaka zikanuka ndagala. Baadaye nikafungua atelye yangu, karakana ndogo, nikafundisha watu, na macho yalipochoka kusoma maandishi madogo nikaacha. Nilidhani nikishaacha sitasikia tena neno lile. Nikalisikia kwenye kilio cha jirani, kutoka kinywani mwa fundi niliyemfundisha kwa mikono yangu, na siku hiyo nusura nimpige kwa mwiko.

Nitawaeleza ya kilio hicho. Lakini kwanza mezeni dawa kidogo, msije mkaniona mzee anayegombana na hewa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Kiza, fundi wa redio na televisheni. Enzi zake televisheni ilikuwa na tumbo kubwa nyuma na vifundo vya kuzungusha. Picha ikikaa vibaya unazungusha, inajinyoosha, unaendelea na chai yako. Alikuwa mtu mwenye hasira za haraka, na alikuwa hagusi kifaa cha mtu kabla mwenyewe hajamweleza kilivyoanza kuharibika. "Usinieleze pahali kimefika," alikuwa akisema, "nieleze pahali kimetoka." Wateja wengine walikasirika wakaondoka na redio zao. Yeye hakujali, alisema hao wangerudi, na kweli walirudi.

Siku hizi vifundo hakuna. Skrini ya sasa inasema. Ukiichomeka kwenye kompyuta, inajitambulisha: jina langu fulani, upana wangu huu, urefu wangu huu, nipe picha ya saizi hii. Ni kama Jumapili kanisani, mchungaji anapoomba wageni wasimame. Mgeni anasimama, anasema jina lake na kanisa alikotoka, na watu wanajua wamkalishe wapi. Asiposimama, anakaa palipobaki, mwisho wa benchi, karibu na mlango. Skrini isiyojitambulisha kompyuta inaikalisha hapo hapo: inaipa ile saizi ya zamani, elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane, ambayo ni ya skrini za mraba za wakati wetu. Televisheni ya leo ni pana. Ikipewa picha ya mraba, inaivuta pembeni ijaze kioo, na kila kilichomo kinanenepa.

Kwa hiyo orodha ikiwa fupi, msianze kuilaani kompyuta. Jiulizeni: mgeni amesimama akasema jina, au kuna mtu amemziba mdomo? Pengine programu inayoendesha picha, ile pilote, haimo kwa sababu mtu alifuta kila kitu juzi akasahau kuirudisha. Pengine mmeagiza skrini mbili zionyeshe kitu kimoja, na kompyuta inatoa tu saizi ambazo zote mbili zinaziweza; hata kile kioo kilichopasuka bado kinahesabiwa. Pengine ni kiunganishi cha ovyo. Pengine ni waya, na mara nyingi sana ni waya. Na ninyi mnaanza na nini? Mnaformat, mnafuta kila kitu. Mtu amekuja na kikohozi, mnamzika ili azaliwe upya.

Sasa sikilizeni.

Jirani yangu Mama Bahati alifiwa na mume. Papa Bahati alikuwa mbeba mizigo bandarini, mtu mrefu, mabega yamezoea magunia. Tumbo likamshika likakataa kumwachia. Aliugua muda mrefu, akakonda mbele ya macho yetu sote wa mtaa ule, mpaka shati lake likawa linaning'inia kama limetundikwa ukutani. Mama Bahati alimnywesha uji kwa kijiko hadi mwisho. Tulimzika, tukalia, siku ya kumaliza kilio ikapangwa.

Marehemu alikuwa na kaka yake, Papa Safari wa Luvungi, mwenye pikipiki zake zinazobeba watu kwenye barabara ya Bukavu. Wakati wote wa ugonjwa hakuonekana. Alifika mazishini, akatazama jeneza lililokwisha kufungwa, akauliza maswali kwa sauti ya chini, akarudi kwao. Siku ya kumaliza kilio alikuja na ukoo mzima, na ukoo ukaja na neno moja: sumu. Papa Safari, walisema, mara ya mwisho alimwacha ndugu yake akiwa na nguvu zake. Mtu wa namna hiyo hafi hivi hivi. Majirani tukasema tulimwona anavyokwisha. Tukaambiwa sisi ni watu wa mwanamke.

Mnajua hapa kwetu neno hilo lina uzito gani. Likishatajwa chini ya shitingi, turubai la kilio, mwanamke halali tena kwenye nyumba ile. Na kutolewa nyumbani na watoto ndiyo bahati yake. Wapo waliofanyiwa mabaya zaidi na vijana wa mtaa waliosikia nusu ya habari. Mama Bahati alijua hayo yote. Ndiyo maana alimwambia binti yake, Bahati, alete filamu.

Bahati alimpiga baba yake filamu kwa simu siku chache kabla hajafa. Ilikuwa fupi: mzee ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, baiskeli imeegemezwa ukutani kando yake, mkewe anamlisha uji, naye anatabasamu. Simu ile iliibwa sokoni, lakini Bahati alikuwa ameshaihamishia filamu kwenye laptop yake. Laptop nayo ilikuwa imeanguka, kioo chake kimekufa, haionyeshi kitu mpaka uiunganishe na skrini nyingine. Basi wakaazima televisheni pana ya jirani, wakaiweka chini ya shitingi, wakamwita fundi. Fundi huyo alikuwa Dido wangu.

"Wamuone wenyewe," Mama Bahati aliniambia asubuhi ile tukichambua sombe, majani ya muhogo. "Wakimuona, wataacha kunitazama hivi." Hakuwa na kitu kingine cha kujitetea, na alijua hana.

Mchana watu walipokwisha kula, Bahati akawaambia siku aliyoipiga filamu, ikawekwa. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, sahani ya samaki wa mukeke mkononi, macho yangu mabovu yakihangaika. Nikaona mtu mnene. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, mabega mapana kama mlango wa duka. Nikadhani wameweka filamu ya harusi ya mtu mwingine. Kisha nikamwona Mama Bahati mwenyewe ndani ya filamu, naye kanenepa kama mke wa gavana, akimlisha yule mtu uji.

Papa Safari alisimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilinitisha.

"Muangalie ile mashavu," alisema. "Muntu mwenye iko hivi, anakufa mbele ya mwezi kuisha? Ugonjwa gani? Njo minye nasema, kuna kitu alikunywa mu hii nyumba. Na muangalie ni nani iko anamunywesha."

Mjomba mmoja mzee akaitikia kutoka nyuma kwamba njia ya mwongo ni fupi. Watu wakaanza kunong'ona. Mama Bahati aliitazama televisheni, akasema, "Huyu haiko bwana yangu." Heri angenyamaza. Wakasema: mnasikia, sasa anamkana.

Nikaweka sahani chini. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akanivuta kitambaa: "Mama Riziki, kaa. Weye uliisha kuacha kazi." Nikamwambia kazi nimeiacha lakini macho ninayo, hata kama ni haya. Nikamwendea Dido.

"Dido, hiyo picha imevutwa. Saizi si yake."

"Mama, picha iko," akasema. "Weye unatafuta nini tena?"

Naomba mnielewe. Kuna mwanamke pale anakaribia kuitwa muuaji kwa sababu ya upana wa picha, na fundi aliyekaa kwenye benchi langu miaka mingi ananiambia picha iko. Kwamba kuna mwanga kwenye kioo na kuna watu wanatikisika ndani yake, basi kazi imekwisha. Nikamuuliza rimoti ya televisheni iko wapi, maana televisheni nyingine unaweza kuziamuru kwa rimoti ziache kuvuta. Rimoti ilipotea zamani. Kuna nyumba hapa Uvira ambayo rimoti haijapotea? Nionyesheni niende kuitembelea.

Basi nikafanya jambo la haraka, na haraka yangu iliongeza kuni kwenye moto. Nilikwenda kwenye laptop, iliyokuwa chumbani kwa kuogopa mvua, nikabonyeza kile kitufe cha programu ya video kinachobadilisha umbo la picha. Nilikuwa nikitazama televisheni kupitia dirishani. Bonyeza: mzee akawa mwembamba. Bonyeza tena: akawa kama ufito. Bonyeza tena: akanenepa kupita mwanzo. Uani watu wakaguna. Nilipotoka, Papa Safari alikuwa ananingoja mlangoni.

"Kumbe," alisema. "Kidole cha huyu mama njo kinakondesha muntu. Akibonyeza anakonda, akibonyeza ananenepa. Munamufanya vile munapenda."

"Papa Safari, nilikuwa natafuta umbo lake la kweli."

"Umbo la kweli halitafutwi na kidole. Hakuna mwenye atagusa filme tena. Wala musiiweke mu simu ya muntu. Ikitoka mule, munaibadilisha."

Najua mnachotaka kusema, maana ninyi mna majibu kuliko maswali. Kwamba ningemwonyesha kitu chenye umbo linalojulikana, nikapanga picha kwa kitufe mpaka kitu hicho kikae sawa. Ningeweza. Lakini wakati huo yule mtu hakuwa akiitazama skrini tena, alikuwa akivitazama vidole vyangu. Picha yoyote ambayo ningeichagua mimi ingekuwa ya uongo kwake. Ilibidi saizi ije yenyewe, kompyuta na televisheni zielewane bila mkono wa mtu.

"Filme sitaigusa," nikamwambia. "Nitagusa waya tu."

Akafikiri. "Waya tu," akasema, na akanifuata kila nilipokwenda.

Nikafanya kama nilivyowafundisha, na ambavyo hamfanyi. Kwanza niliiagiza laptop iache kile kioo kilichokufa, itumie skrini ya pili peke yake. Orodha haikubadilika. Nikatazama pilote: ipo, nzima. Nikatazama jina la skrini: hapakuwa na jina. Paliandikwa moniteur générique, yaani skrini yoyote tu, isiyojulikana baba wala mama. Hapo nikajua mgeni hajasimama kanisani. Nikaushika waya kwa mkono nikaufuata, kutoka mezani, kupitia dirishani, chini ya viti vya wakwe, huku nikiwaomba wanyanyue miguu. Wakwe hawapendi kunyanyua miguu. Katikati ya ua vidole vikagusa uvimbe uliofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki.

Nikaufungua. Dido alikuwa ameukata waya wa skrini vipande viwili na kuunga katikati waya mrefu wa kawaida, ili laptop ibaki ndani na televisheni ikae nje. Kuunga si dhambi. Hapa tunaunga kila kitu, kamba, nyavu, mabomba, hata ndoa. Lakini waya ule una nyaya nyingi ndani. Dido aliunga nyekundu, kijani na bluu, akaunga na zile zinazoifanya picha isimame isitetemeke. Zilizobaki, nyembamba, alizikata akazikunja nyuma kwa usafi kabisa.

"Dido, na hizi?"

"Hizi haziko na rangi ya picha, mama. Hazina kazi."

"Nani alikuambia hazina kazi?"

"Minye naunga hivi tangu siku za sine. Picha haijawai kukosa."

Sine. Yale mabanda ya video ya Kalundu, ambako watu hulipa kutazama mpira. Kule waya ni tatu, nyekundu, nyeupe, njano. Ukiunga rangi kwa rangi, mchezo unaendelea. Nusu ya mafundi wa mji huu walitokea huko, na wote wameondoka na imani hiyo hiyo: rangi ndiyo kazi, kisicho na rangi ni pambo. Televisheni za kule hazikujitambulisha kwa mtu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona hasara. Nikamwonyesha Dido nyaya mbili kati ya zile alizozikunja. Nikamwambia, hizi ndizo mdomo wa skrini. Kwa hizi inasema jina lake. Weye umeikata ulimi, halafu unashangaa haisemi.

"Lakini picha ili..." akaanza, na nikamtazama, akameza lililobaki.

Kuziunga tena hakukufaa; kwenye waya mrefu wa namna ile hata ungeziunga vizuri maneno yangefika yamechoka. Palitakiwa waya mzima usiokatwa. Ninao nyumbani, kwenye beseni chini ya kitanda, pamoja na vitu vingine ambavyo wanangu wananiomba nivitupe. Bahati akakimbia kuuchukua. Ni waya mfupi, kwa hiyo laptop ilibidi itoke chumbani ikae kando ya televisheni. Basi pakazuka baraza. Mmoja akasema mvua inakuja, angalieni mawingu mlimani. Mwingine akasema meza ile ni ya marehemu haitolewi nje kabla sala haijafanywa. Mwingine akashauri televisheni iingizwe ndani na watu mia wachungulie dirishani. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwahi kuona wanaume wamezunguka televisheni. Mwisho wanawake wawili walibeba meza wakaipitisha katikati yao wote, wakaiweka chini ya shitingi, na mvua haikunyesha.

Nikachomeka waya upande huu na upande huu. Nikaizima televisheni, nikaiwasha. Skrini ikawa nyeusi kwa kitambo, watu wakapumua kwa nguvu, kisha ikarudi. Nikafungua orodha. Pale paliposemwa skrini isiyojulikana pakawa na jina la televisheni lenyewe, na orodha ikarefuka hadi ikabidi kuishusha. Juu kabisa kompyuta yenyewe ilikuwa imeandika kando ya saizi moja: recommandée, yaani inayopendekezwa.

Nikaondoa mikono.

"Papa Safari, njoo. Sitabonyeza. Mashini yenyewe imechagua. Soma hapa, halafu ubonyeze weye."

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Akabonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Maandishi yote yakajikusanya, yakawa madogo na makali. Nikamwonyesha mahali pa kuanzisha filamu. Akabonyeza pia.

"Sasa usitazame uso kwanza," nikamwambia. Hili nilifundishwa na Papa Kiza, na lishikeni ninyi pia: picha ukiitilia shaka, tafuta ndani yake kitu cha duara. Sahani, saa, beseni, chochote. Uso wa mtu unaweza kukudanganya kwa sababu unampenda au unamchukia. "Tazama baiskeli pale ukutani. Weye ni muntu wa magurudumu. Lile gurudumu likoje?"

Akainama. "Iko muviringo," akasema.

"Mara ya kwanza ulilionaje?"

"Lilikuwa kama yai," akasema. "Sikuliangalia."

"Basi sasa muangalie ndugu yako."

Filamu ilikuwa inaendelea. Kwenye kiti cha plastiki aliketi Papa Bahati, yule tuliyemjua sisi. Mashavu yameingia ndani. Mfupa wa bega umesimama chini ya shati. Mkono anaouinua kupokea kikombe cha uji unatetemeka, na mkono wa mkewe unakuja chini yake kuushikilia, bila yeye kuutazama, kama kitu walichokifanya mara nyingi. Anakunywa. Anatabasamu kwa yule anayempiga picha. Mjomba mzee wa methali alivua kofia. Nilisikia mwanamke mmoja wa Luvungi akianza kulia, kilio cha chini, si kile cha kuonyesha watu.

Nilikuwa bado na hasira, nawaambia kweli. Nilitaka kuwageukia wote niwaulize kama picha iko. Lakini nilimwona Mama Bahati, na hasira ikakosa pa kukaa. Alikuwa ameketi pale pale kwenye mkeka, mikono mapajani, anamtazama mumewe kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Papa Safari alisogea karibu na televisheni mpaka akaiziba nusu. Akaweka kidole kwenye kioo, pale kwenye mfupa wa bega.

"Alikonda hivi," alisema. Halafu akageuka kwa shemeji yake. "Alikonda hivi, na hamukunitafuta?"

"Tulikutafuta, shemeji," Mama Bahati akasema. "Yeye mwenyewe alikupigia. Ulisema utakuja."

Filamu ikafika mwisho, ikasimama. Kiti cha Papa Safari kilikuwa mbele, kati ya wazee, na watu walimpisha arudi. Hakurudi. Alikaa chini kwenye mkeka wa wanawake, karibu na miguu ya meza, akaomba ianzishwe tena.